Saini Thelathini na Saba za Dereva Taratibu

Saa mbili kasorobo asubuhi, gari la kijivu la ofisi ya ustawi wa jamii limesimama uani kwenye makao ya watoto, boneti wazi. Dereva amechomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena na kukitazama kwenye mwanga. Anaridhika. Anafunga boneti kwa viganja viwili bila kuibamiza, kana kwamba ndani kuna mtu amelala.

Nyuma yake, msichana wa miaka kumi na minane ametoka bwenini na sanduku moja, ndoo yenye kifuniko na godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba. Ameishi hapa tangu akiwa na miaka minne. Leo anaondoka. Watoto wadogo wamejipanga kwenye ngazi za jikoni wakimtazama, na mpishi ametoka na mwiko mkononi.

Dereva hagusi mzigo. Anavaa miwani, ananyoosha mkono kwa afisa ustawi, mwanamke kijana aliyehamia hapa mwaka jana, na kuomba faili. Analiweka juu ya boneti na kuanza kusoma, kidole kikifuata mstari.

“Nyumba hii nani ameiona kwa macho?” anauliza.

“Mimi. Jumanne iliyopita.”

“Mlango unafungwa kwa ndani?”

“Una komeo. Nimelijaribu mwenyewe.”

“Na mama mwenye nyumba anajua mgeni wake anafika leo, si kesho?”

Afisa anapiga simu na kuweka sauti ya nje ili wote wasikie. Mama mwenye nyumba anasema chumba amekwisha kukifagia, anangoja tu. Msichana anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke bwenini. Dereva anamgeuzia karatasi ya mwisho, anamwomba amwonyeshe saini yake iko wapi, na kama alisomewa yote kabla ya kuitia. Msichana anasema alisoma mwenyewe, mara mbili.

Zoezi zima limechukua dakika kumi na nne, injini ikiwa imezimwa. Ndipo mzee anapolitia godoro begani na kulipandisha garini.

“Watu wanasema nachelewesha safari,” anasema. “Miaka kumi na moja nimewashusha watoto njiani bila kuchelewa hata dakika. Acha sasa nichelewe.”

Wenzake wanamwita Taratibu. Jina alilipata zamani akiendesha lori la saruji, kwa sababu hakuvuka kilomita sitini kwa saa hata barabara ikiwa tupu. Wanamtania kwamba siku moja alipitwa na mtu wa baiskeli. Yeye huwajibu kwamba mwenye baiskeli alikuwa anateremka mlima. Ana miaka hamsini na tisa, kitambi kidogo, na mazoea ya kulisemesha gari anapoliwasha, kwa sauti ya mtu anayembembeleza ng'ombe asimame vizuri akamuliwe.

Alijiunga na ofisi ya ustawi miaka kumi na mitatu iliyopita, malori yalipokwisha kumharibu mgongo. Kazi ilionekana nyepesi. Kupeleka maafisa mahakamani, watoto hospitali, magodoro na sabuni kwenye makao matatu yaliyo chini ya ofisi hiyo. Mshahara ulimfikisha tarehe ishirini. Siku kumi zilizobaki zilibebwa na cherehani ya mkewe.

Mara tatu au nne kwa mwaka kulikuwa na safari ya namna nyingine. Ofisini waliiita “kukabidhi”. Mtoto wa makao akitimiza miaka kumi na minane, alipakiwa na begi lake. Dereva alipewa karatasi yenye maelekezo ya mahali, akaenda, akamshusha, akatia saini chini ya karatasi na kuirudisha ofisini. Kazi kwisha.

“Nilidhani ni ile karatasi ya kupokelea mzigo,” anasema. “Nikipeleka magodoro natia saini. Nikipeleka sabuni natia saini. Nikipeleka mtoto natia saini. Maandishi yenyewe madogo kama mayai ya chawa, na macho yangu yalishaanza kunisaliti. Sitakudanganya, sikuisoma hata siku moja.”

Mkewe husema miwani ndiyo iliyoleta balaa lote. Miaka miwili iliyopita Taratibu alikwenda kuongeza muda wa leseni, akashindwa kusoma herufi za ukutani na hata za kwenye fomu aliyoshika, akaambiwa bila miwani leseni haipati. Akanunua miwani. Wiki tatu baadaye akapewa safari ya kukabidhi.

Abiria wake alikuwa msichana ambaye makao yote yalimjua kwa jina la Kasuku. Alikuwa mtu wa maneno kutwa kucha, mpaka mpishi akamfukuza jikoni ili angalau asikie maji yakichemka. Asubuhi hiyo alikaa kiti cha mbele, begi amelikumbatia, na kwa kilomita arobaini na mbili hakufungua mdomo. Taratibu alijaribu kumchokoza kwa stori mbili tatu, akaambulia “ndiyo” na “sijui”.

Karatasi ilisema anapelekwa kwa mjomba wake, nyumba yenye geti la bluu nyuma ya kiwanda cha sabuni. Geti la bluu walilikuta, rangi imebanduka. Dereva akapiga honi. Akatoka mlinzi na redio ndogo mfukoni. Nyuma yake hapakuwa na nyumba. Palikuwa na ghala lisilo na dirisha, limejaa kreti tupu za soda kutoka sakafuni hadi darini.

Taratibu akamtaja mjomba kwa jina lililoandikwa. Mlinzi akafikiri, akasema huenda ni yule aliyekuwa na nyumba hapo kabla kiwanja hakijauzwa. Huyo alikwisha kufariki. Yeye hakumkuta; amesikia tu habari zake kwa majirani, na ghala hilo ameanza kulilinda miaka tisa iliyopita.

Dereva akamgeukia msichana ili ampe pole.

“Mzee, mimi hata sijui kama nina mjomba,” Kasuku alimwambia. “Sijawahi kumwona. Jana jioni ndiyo nimeambiwa nakwenda kwake.”

Baadaye ilikuja kujulikana kwamba anwani hiyo ilinakiliwa kutoka fomu ya siku alipopokelewa makao, akiwa na miaka sita. Aliyemleta siku hiyo alikuwa huyo mjomba. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyekwenda kuangalia kama mtu huyo bado yu hai.

Taratibu alipiga simu ofisini. Aliyepokea ni afisa ustawi wa wakati huo, mama wa makamo ambaye wafanyakazi walimwita Bi Mkubwa. Alimwagiza amwombe mlinzi amkalishe binti ndani ya geti, atie saini, arudi upesi kwa sababu gari linahitajika saa nane. Suala la mjomba lingefuatiliwa. Taratibu anasema hakusikika kama mtu mbaya. Alisikika kama mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa.

Akachukua kalamu. Akavaa miwani ili aone pa kutia saini. Na kwa kuwa miwani ilikuwa machoni, akasoma.

Maneno yale leo anayajua kwa moyo: “Mimi, afisa msindikizaji, nathibitisha kwamba nimeyakagua makazi ya kijana huyu, nimezungumza na mlezi wake mpya, na nimeridhika kwamba mahali hapa ni salama na panamfaa.”

Alisoma tena kutoka mwanzo, taratibu, akidhani labda karatasi zimechanganyika. Hazikuwa zimechanganyika. Akajikuta amekaa chini, mgongo kwenye tairi, na mlinzi akimuuliza kama ana kisukari. Kasuku ndiye aliyemletea maji kwa kikombe cha plastiki.

“Nilikuwa nimezitia thelathini na saba,” anasema, na hapo sauti inashuka. “Ina maana kuna mafaili thelathini na saba, na kila moja lina mtu aliyekagua nyumba, akaongea na mlezi, akaridhika. Mtu huyo ni mimi. Na mimi sikuwa nimevuka hata kizingiti kimoja. Nilikuwa nashusha begi, nageuza gari.”

Siku hiyo hakutia saini. Alimrudisha msichana garini, na kwa kuwa makao yalikwisha kumfuta kwenye daftari na kitanda chake kupewa mwingine, akampeleka nyumbani kwake.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani. “Nilipomwona anaingia na binti mwenye begi, nikafikiri ameniletea mke mwenza,” anasema, akicheka. Kisha anaacha kucheka. Anakumbuka kwamba binti alikaribishwa kiti akakaa ukingoni, begi mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Akamwekea chakula. Halafu akamwita mumewe chumbani amweleze.

Mume alimpa karatasi. Mama akaisoma, kisha akatoka kwenda kumwambia binti yao wa mwisho asogeze nguo zake upande mmoja wa kabati.

“Nilimwambia, huyu atalala hapa,” anasimulia. “Na kesho utakwenda kuwaambia kazi hiyo iliyoandikwa humu hujawahi kuifanya.”

Kesho yake alikwenda. Aliirudisha karatasi mezani kwa Bi Mkubwa ikiwa tupu pale chini. Kabla ya wiki kwisha alipokea barua ya onyo yenye makosa mawili: kwanza, kutumia gari la ofisi nje ya njia iliyoidhinishwa, pili, kumweka kijana aliye chini ya uangalizi wa serikali katika nyumba isiyokaguliwa.

“Hapo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu,” anasema. “Ghala la kreti halikuhitaji kukaguliwa. Nyumba yangu ilihitaji.”

Alinyang'anywa funguo za gari la kijivu na kupewa lori la maji, ambalo breki zake, kwa maelezo yake, zilikuwa zinafanya kazi kwa kuombewa. Lakini alikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka. Kila dereva wa ofisi hujaza kitabu cha safari: tarehe, abiria, mahali, kilomita za kuondoka na za kurudi. Vitabu vilivyojaa hutupwa. Taratibu hakuwahi kutupa chake hata kimoja. Alivipanga ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda, miaka yote kumi na moja, bila sababu nyingine ila kwamba yeye ni mtu asiyetupa vitu.

Alikuwa pia anazijua korido za mahakama, maana amewasubiri maafisa huko nusu ya maisha yake ya kazi. Alijua kwamba kila Alhamisi, karibu na dirisha la kulipia faini, huketi wakili wa msaada wa kisheria anayesikiliza watu bila malipo. Alhamisi iliyofuata alipanga foleni, boksi la viatu kwapani, katikati ya wapangaji waliofukuzwa na wajane wenye kesi za mashamba.

Wakili, mwanamke mnyamavu mwenye mvi za mapema, alisikiliza, kisha akafungua kitabu cha sheria ya watoto na kumsomea. Kijana hawezi kuondolewa makao bila mpango ulioandikwa pamoja naye, akauelewa na kuutia saini. Mahali anapokwenda lazima pakaguliwe na afisa mwenye taaluma ndani ya siku thelathini kabla ya kuondoka. Akabidhiwe cheti chake cha kuzaliwa na vyeti vya shule mkononi. Apewe mtu wa kumsimamia, anayemtembelea walau kila miezi mitatu, mpaka atimize miaka ishirini na mmoja.

Taratibu aliomba asomewe tena hapo kwenye kutembelewa. Akasomewa. Akauliza sheria hiyo inaanza kutumika lini.

“Imekuwapo miaka kumi na minne,” wakili akamjibu.

Ilikuwa imeitangulia ajira yake. Anasema alitoka pale akaenda kukaa ndani ya lori la maji, akakaa humo mpaka askari wa getini akaja kugonga kioo kumuuliza kama yuko salama.

Wakili alihitaji watu wenyewe. Vitabu vya safari vilionyesha waliposhushwa. Havikuonyesha wako wapi. Kwa hiyo kila siku yake ya mapumziko Taratibu alianza kurudia safari zake, safari hii kwa miguu na kwa baiskeli ya mwanawe. Mkewe alimfungia chakula. Kasuku, ambaye kufikia hapo kinywa kilikuwa kimefunguka na nyumba nzima haikuwa na raha ya kusikiliza redio, alimnakilia anwani kwenye daftari jipya kwa mwandiko mkubwa.

Aliyoyakuta hayaelezi yote. Anachagua.

Anaeleza nyumba kumi na nne ambazo waliokuwamo hawakuwa wameambiwa kwamba kuna mtu anakuja. Wengine walipokea kwa huruma, wengine kwa wiki mbili, wengine walifunga mlango. Anaeleza anwani sita ambazo aliyeandikwa alikuwa amekwisha kufa au kuhama. Anamtaja msichana mmoja aliyeolewa ndani ya mwezi kwa sababu, alivyomwambia mwenyewe, “yule mwanamume alikuwa na chumba.” Watatu wamefariki. Akifika kwa hao watatu, anavua miwani na kuifuta.

Kati ya aliowapata, hakuna hata mmoja aliyewahi kutembelewa. Hakuna aliyejua kwamba alistahili kutembelewa.

Aliyemtikisa kuliko wote anafanya kazi sokoni, kushusha magunia, na kwa nguvu zake anaitwa Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo. Ana miaka ishirini na saba sasa. Taratibu alimshusha akiwa na kumi na minane, nje ya nyumba ya shangazi aliyekuwa amehama mji. Majirani walisema labda atarudi. Dereva akamsaidia kushusha begi, akamwambia haya, tutaonana, akageuza gari.

Miaka saba baadaye walipokutana katikati ya magunia ya vitunguu, ni Winchi aliyemtambua kwanza. Alimsalimia shikamoo, akamtafutia kreti akae, akamnunulia chai. Alisimulia bila hasira, na Taratibu anasema afadhali angemtukana.

“Ulisema tutaonana,” Winchi alimwambia. “Kule makao mtu akikwambia tutaonana, mnaonana. Mtu ataenda wapi? Nikakaa pale ukutani nakungoja. Siku ya tatu ikanyesha mvua, nikajua hurudi.”

Winchi hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hakuweza kupata kitambulisho, na kwa kukosa kitambulisho alikosa kila kazi iliyohitaji kuandikwa jina. Miaka saba alibeba magunia kwa malipo ya siku, na siku akiumwa hakula.

Kesi ilisikilizwa katika mahakama ya watoto, chumba kidogo chenye feni moja inayolia. Wakili aliifungua kwa niaba ya Kasuku. Ofisi ya ustawi ilijibu kwa maandishi kwamba kijana alitaka kuondoka mwenyewe, na kwamba taratibu zote zilifuatwa, kama zilivyofuatwa kwa wote waliomtangulia. Ikaambatanisha fomu thelathini na saba zilizojazwa kikamilifu.

Hakimu alizipekua moja moja, halafu akauliza huyu afisa msindikizaji mwenye saini moja kwa miaka yote hii ni nani, na kwa nini hakuletwa shahidi.

Taratibu akasimama kutoka benchi la nyuma, kofia mkononi.

“Ni mimi, mheshimiwa,” alisema. “Mimi ni dereva.”

Waliokuwapo wanasema karani aliacha kuandika. Hakimu alimtazama mzee, akazitazama fomu, akamtazama tena, kisha akavua miwani yake na kuiweka mezani. Alimuuliza kama amewahi kupata mafunzo yoyote ya ustawi wa jamii. Taratibu akajibu kwamba ana leseni ya magari mazito na cheti cha huduma ya kwanza.

Hakuna aliyecheka.

Bi Mkubwa alipopewa nafasi hakukana. Alisema ana watoto mia mbili na kumi na wanne katika makao matatu, hana msaidizi kwa mwaka wa sita, ameandika barua tisa kuomba watu, na hajajibiwa hata moja. Fomu ilitaka saini ya aliyesindikiza, na aliyesindikiza alikuwa dereva. Alisema hayo kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Hakimu akamuuliza vyeti vya watoto viko wapi. Akasema viko kabatini, vimetunzwa vizuri.

Mahakama iliamuru kabati lifunguliwe siku hiyohiyo, mbele ya wakili. Ndani zilikutwa bahasha thelathini na moja, kila moja na jina juu, cheti cha kuzaliwa ndani. Ya Winchi ilikuwa ya nne kutoka juu. Miaka saba ilikuwa hapo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka sokoni.

“Niliposikia hivyo, gunia nikalitua chini,” anasema Winchi. “Siyo furaha, siyo hasira. Nilihisi tu kama mtu aliyepigwa na kitu asichokiona.”

Kasuku alikwisha kuishi kwa Taratibu miezi mitano amri ilipotolewa. Alipewa mpango, chumba, nafasi katika chuo cha ufundi na msimamizi wa kumtembelea. Ana miaka ishirini sasa na anasomea umeme wa majumbani. Mke wa Taratibu anasema siku binti alipohama kwenda chumbani kwake, nyumba ilinyamaza kiasi kwamba walisikia saa ya ukutani, nao hawakujua kama inatoa mlio. Jumapili hurudi kula, na hutoka amewarekebishia kitu kwenye nyaya, wakati mwingine kilichokuwa kizima.

“Siku ile nilijua tu lazima niondoke,” anasema Kasuku. “Sikujua kama kuna kitu ninachomdai mtu yeyote. Ningejuaje? Hakuna aliyenisomea.”

Lakini kuna jambo katika uamuzi ule ambalo Taratibu bado halijamwingia kichwani. Sheria inamlinda kijana mpaka miaka ishirini na mmoja. Kati ya wale thelathini na saba, waliokuwa bado chini ya umri huo siku ya uamuzi walikuwa kumi na wawili. Hao ofisi iliamriwa kuwatafuta na kuwapa kila wanachostahili. Wengine ishirini na watano waliruhusiwa kuchukua vyeti vyao. Basi. Muda wao wa kisheria ulikuwa umekwisha.

Alimuuliza wakili inawezekanaje haki ya mtu imalizike kabla hajaambiwa kwamba anayo. Wakili, kwa maneno ya Taratibu mwenyewe, “alinitazama kama mtu aliyekuwa akingoja mwingine naye aulize.” Amekata rufaa juu ya hao ishirini na watano. Tarehe haijapangwa.

Bi Mkubwa alihamishiwa ofisi nyingine. Siku ya mwisho ya kesi walikutana kwenye ngazi za mahakama, naye akamwambia Taratibu kwamba angeweza kuja kumweleza yeye kwanza, wakayamaliza. Mzee alimwonea huruma, na anamwonea mpaka leo. Mahali pa Bi Mkubwa sasa wapo maafisa wawili kwa watoto wale wale, na fomu mpya ina nafasi mbili za saini, moja ya afisa na moja ya dereva, kila mmoja na kazi yake ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa. Gari la kijivu alirudishiwa miezi minne baada ya uamuzi, likiwa na mkwaruzo ubavuni alioujua si wake.

Anastaafu baada ya miezi minane. Amekwisha kuwapata ishirini na sita. Wamebaki kumi na mmoja, na wote wamepita miaka ishirini na mmoja. Hakuna ofisi inayolazimika kuwatafuta. Amepanga kwamba akishakabidhi funguo atawatafuta yeye, akiwa na bahasha za walio na bahasha, na Winchi amesema atafuatana naye siku za mapumziko.

Ataanza na wa kwanza kabisa, aliyemshusha mwezi wake wa pili kazini. Kitabu kinasema kilomita sitini na nane, njia panda, upande wa kushoto. Kijana huyo leo ana miaka thelathini na mmoja, kama yu hai. Taratibu amejaribu sana kuikumbuka sura yake, ameshindwa.

“Nakumbuka alivyoshuka tu,” anasema. “Alifunga mlango polepole, asiubamize. Halafu akazunguka mpaka dirishani kwangu, akanishukuru.”